Tume ya Kuchunguza Jina la Sikitu

Nchi yenyewe sitaitaja. Si kwamba naogopa. Kwetu hakuna anayeogopa, tulishatangaziwa hivyo na Wizara ya Utulivu. Siitaji kwa sababu kuitaja kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali hufungwa kila watumishi wake wanapokwenda kunywa chai, nao ni watu wa chai sana.

Nitawaeleza tu habari za jirani yangu, Sikitu binti Kheri, msusi wa nywele wa hapa mtaani kwetu Tondooni, na mama yake, Bi Mwanakombo, na jinsi serikali yetu sikivu ilivyowasaidia.

Mambo yalianzia kwenye bomba la maji. Mheshimiwa Rais alikuwa anakuja kulizindua, na bomba lilikuwa limefukiwa wiki ileile, rangi yake bado haijakauka. Maji yenyewe yalikuwa kwenye gari la zimamoto lililofichwa nyuma ya shule. Kilichokosekana ni mwananchi wa kawaida wa kukinga ndoo ya kwanza. Tulipangwa mstari wanawake wa mtaa mzima. Mimi nilikataliwa kwa kuwa nimenenepa, ikaonekana nitawafanya wageni wadhani tunakula sana. Mwenzangu mmoja akakataliwa kwa kuwa amekonda, ikaonekana ni uchochezi. Sikitu alikuwa wa wastani. Akachukuliwa yeye.

Afisa wa itifaki akamweka pembeni kumfundisha.

"Swali la kwanza, Mheshimiwa atakuuliza unaitwa nani. Utataja jina lako. Swali la pili, atakuuliza umepata nini katika uongozi wake. Utajibu: maji safi na salama. Umeelewa, mama?"

"Nimeelewa."

"Usiongeze neno, usipunguze neno. Na tafadhali, usifikiri."

Siku ikafika. Bendi ya polisi ikapiga, watoto wakaimba, Redio ya Taifa ikawa hewani. Mheshimiwa Rais alikuwa amefurahi mno siku ile. Akakinyakua mwenyewe kipaza sauti, akamsogelea Sikitu na ndoo yake, akasema kwa ile sauti yake nzito tunayoipenda sana:

"Mama! Hebu waambie wananchi. Katika miaka yote ya uongozi wangu, wewe umepata nini?"

"Sikitu," akajibu jirani yangu.

Mheshimiwa Rais akatabasamu, maana ni mtu mwenye subira. "Na unaitwa nani?"

"Maji safi na salama, Mheshimiwa."

Nilikuwepo. Mtu mmoja huko nyuma akakohoa, na kikohozi kile kikamponyoka kikawa kicheko. Baada ya hapo haikuwezekana tena. Walicheka watu waliokuwa wamesimama juani tangu alfajiri bila kunywa kitu. Tuliambiwa baadaye kwamba walicheka hata magerezani. Askari waliotumwa kutuzuia walifika wamejishika mbavu.

Mchana Redio ya Taifa ilitangaza kwamba matangazo ya asubuhi hayakuwepo. Aliyeyasikia alikuwa anasikiliza nchi nyingine. Tangu saa hiyo ikawa ni kosa kulizungumza jambo lile, na watu wa kule milimani, ambako redio haifiki, hawajalijua hadi leo.

Sikitu hakukamatwa. Nasisitiza hilo, maana wako wapotoshaji. Aliitwa tu mahali, akasaidiwa kukumbuka ni nani aliyemtuma. Hakukumbuka. Aliporudi nyumbani alikuwa mkimya, na vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikukunjika tena. Kwa msusi ni tabu kidogo, lakini walimwambia kwa upole kwamba vilivyobaki vinatosha kwa mitindo mingi.

Kwa kuwa yeye hakuwa na kosa, ikabidi lipatikane lenye kosa. Likapatikana jina.

*

Serikali yetu haifanyi jambo bila kuwasikiliza wananchi. Ikaunda Tume ya Kupokea Maoni na Uzoefu wa Wananchi Kuhusu Jina la Sikitu, chini ya Profesa Ngwandumi, msomi mkubwa wa lugha ambaye alikuwa hajachapisha kitu kwa muda mrefu kwa sababu ya majukumu ya kitaifa. Tume ikaja na viti vyake, feni zake na maji yake ya kunywa. Kikao kikafanyika kwenye ukumbi wa shule, na akina Sikitu wote wa wilaya wakaletwa kwa lori.

Mimi nilikuwa sijui kama wapo wengi hivyo. Wazee, wasichana, wajawazito, mmoja mtawa. Profesa akafungua.

"Ndugu zangu," akasema, "jina ni nembo. Jina ni dira. Jina ni bendera inayopepea juu ya paa la nafsi. Sasa nawauliza, bendera gani hii inayosema hapa hapana kitu? Semeni kwa uhuru kamili. Anayesema vizuri atapewa soda."

Akasimama msichana wa chuo, kavaa miwani.

"Mimi silipendi," akasema. "Mwalimu akiita majina darasani akifika kwangu anasema, hapa Sikitu, tuendelee. Anaruka. Nimesoma miaka yote naandikwa mtoro."

Tume ikampigia makofi. Akapewa soda.

Akasimama bibi mmoja muuza samaki. "Mimi nilikuwa nalipenda, mume wangu alikuwa analiita kwa mapenzi. Ila alipofariki, ndugu zake walikuja kutoka mbali, wakawauliza wazee, jamani, marehemu ameacha nani? Wazee wakajibu, ameacha Sikitu. Wakasema, basi, kama hakuacha kitu, nyumba ni yetu. Nilipokuja kueleza, walishang'oa milango."

Watu tukacheka, naye akacheka, halafu akakaa ghafla akajifunika kanga usoni. Hakupewa soda, maana Tume haikuweza kuamua kama amesema vizuri au vibaya.

Mwisho akasimama jirani yangu. Alikuwa ameuficha ule mkono ndani ya mkono wa gauni.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Sema, mama, usiogope."

"Mama yangu alizaa kabla yangu. Wa kwanza alimwita Sultani. Akaota meno, akatembea, akafa. Wa pili akamwita Fahari. Huyo hakufika hata kutembea. Wa tatu alikuwa msichana, mzuri, watu walikuwa wanakuja kumtazama tu. Akamwita Lulu. Naye akaenda. Wakunga wakamwambia, Mwanakombo, wewe unawatangaza watoto wako. Majina makubwa yanasikika mbali, na huko mbali yuko anayesikiliza. Basi nilipozaliwa mimi hakunishangilia. Alinifunga kwenye gunia, akanibeba mpaka jalalani, akaniweka juu ya maganda ya ndizi. Akapita jirani, kama walivyokuwa wamepatana, akamwuliza kwa sauti ya juu: Mwanakombo, umetupa nini hapo? Mama akajibu kwa sauti ya juu zaidi, ili kila anayesikiliza asikie: Sikitu! Jirani akaniokota, akanirudisha kwa mlango wa nyuma. Ndiyo nimeishi."

Akamgeukia Profesa.

"Profesa, mimi sijawahi kusikia kwamba naitwa hapana kitu. Kila mama akiniita, mimi nasikia ananificha."

Hata zile feni ni kama zilipunguza sauti. Profesa Ngwandumi akavua miwani. Akalia, tena si machozi ya kisiasa, mabega yalimtikisika. Akatoa leso, akajifuta, akavaa miwani yake, kisha akafungua bahasha iliyokuwa mezani tangu asubuhi na kutusomea uamuzi.

"Kwa kuzingatia maoni haya mazito mliyoyatoa," akasoma, "Tume imebaini kwamba tatizo ni herufi moja tu, ile ya kwanza. Kwa gharama ndogo kabisa kwa taifa, herufi S inaondolewa na mahali pake inawekwa N. Kuanzia leo kila Sikitu ni Nikitu. Ni kitu! Raia mwenye thamani, anayejitambua na kujitangaza. Atakayeita au kuitika jina la zamani atapelekwa kwenye mafunzo ya uzalendo."

Mtawa akauliza kama bado itaruhusiwa kumwambia mtu "si kitu" pale anapokukanyaga kwa bahati mbaya na kukuomba radhi. Tume ikanong'onezana. Ikaamua kwamba itaruhusiwa, mradi msemaji aache nafasi inayosikika kati ya "si" na "kitu".

*

Siku hiyo nilimsindikiza nyumbani. Bi Mwanakombo alikuwa uani anapepeta mchele. Alikuwa mzee tayari, kifua kinambana, lakini mikono bado inakwenda.

"Mama, wamenibadilisha jina."

"Wamekupa lipi?"

"Nikitu."

Yule mama akauweka ungo chini. Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Akatazama juu ya ukuta, akatazama mlangoni, kama mwenye kuogopa kwamba pana mtu ameshasikia.

"Nani amewatuma wakutangaze?" akasema kwa sauti ya chini.

"Mama, ni herufi moja tu."

"Mimi nilikuwa na hiyo moja tu ya kukufichia."

"Siku hizi mambo hayo hayapo, mama. Mimi mtu mzima sasa."

"Sultani naye alikuwa ameota meno," akasema Bi Mwanakombo.

Hakulitamka lile jina jipya siku ile, wala baadaye. La zamani pia hakuweza kuliita, kwa sababu mtaa ulikuwa umepewa Balozi wa Majina, kijana mwenye masikio mazuri sana, aliyekuwa akishinda kwenye ngazi za nyumba yao. Basi akawa anamwita binti yake "wewe". Akitaka maji, "wewe". Akitaka kugeuzwa ubavu, "wewe". Mara nyingine anagonga tu kitanda kwa fimbo. Sikitu alikuwa anakuja, anafanya. Lakini aliniambia siku moja, tukiwa tunaanua nguo: "Shoga, unajua, nyumba imekuwa kimya. Sikujua kama mtu anaweza kukumbuka kuitwa."

Masika yalipoingia kile kifua kikazidi, akampeleka hospitali kuu.

Hospitali yetu kuu ni ya kisasa. Zamani ndugu walikuwa wanaingia ovyo wodini, na sufuria zao na vilio vyao. Sasa kuna Utaratibu wa Mgonjwa Mwenyewe. Mgonjwa ni mtu huru, kwa hiyo haingii mtu kumwona mpaka yeye mwenyewe amtaje, kwa jina linalotambuliwa na serikali. Kila jioni nesi anapita kitandani, anauliza, bibi, leo unamtaka nani? Aliyetajwa anaitwa kutoka getini. Asiyetajwa anaishia getini. Kwa kweli ni jambo la heshima sana.

Wodi ya Bi Mwanakombo ilikuwa ya nesi mgeni, Atupele, binti wa kule milimani, mwenye mashavu ya mviringo na adabu nyingi. Jioni ya kwanza alitoka mpaka getini.

"Dada, wewe ndiye Nikitu?"

"Ndiye mimi. Mama anaendeleaje?"

"Anapumua kwa shida kidogo. Lakini dada, samahani, nimemwambia, bibi, mwanao Nikitu yuko nje, mtaje tu nimlete. Amesema hana mtoto wa jina hilo."

Sikitu alikuwa ameshika bakuli la uji. Akaelewa papo hapo. Mimi pia nilielewa, nilikuwa pembeni yake. Bi Mwanakombo yuko ndani ya nyumba ambayo Kifo mwenyewe anashinda humo na anatembea kitanda kwa kitanda. Angewezaje kulitamka humo?

"Mwambie mimi nimesema alitaje," akasema Sikitu. "Mara moja tu. Mwambie halina neno."

Nesi akaenda. Akarudi.

"Anatikisa kichwa, dada. Analia na anatikisa kichwa. Labda kuna jina jingine analokuita nyumbani?"

Hapo Sikitu akafungua mdomo. Nilimwona. Getini palikuwa na mlinzi, na nyuma ya mlinzi palikuwa na ubao mkubwa wenye picha ya Profesa Ngwandumi akicheka, na maneno: Tuitane Kisasa. Mlinzi akageuza kichwa kusikiliza. Sikitu akautazama mkono wake wa kulia. Akafunga mdomo.

"Basi," akasema. "Mpe uji tu. Mwambie nipo."

Tukawa tunakwenda kila jioni. Uji unaingia, sisi tunabaki. Alikuwa anasimama pale kwenye nondo za geti, anatazama madirisha, hajui lipi ni la mama yake, basi anayatazama yote.

Asubuhi moja, wakati wa kudeki wodi, Bi Mwanakombo alifariki. Sikitu aliruhusiwa kuingia mara moja, maana utaratibu unahusu wagonjwa, na marehemu si mgonjwa.

*

Tulimzika, tukasoma. Siku ya hitima nyumba ilijaa wanawake, tumekaa kwenye mikeka, jua la alasiri linaingia mlangoni. Hata Balozi wa Majina alikuwepo nje kwenye ngazi, anakula pilau.

Akaja Atupele. Alikuwa amevaa kanga mbili mpya kabisa, hajui kuzifunga, akapiga magoti mbele ya Sikitu.

"Pole sana, dada. Nimeomba ruhusa nije. Nilimpenda sana bibi yule."

"Ahsante, mdogo wangu. Ahsante kwa kumwangalia."

"Sikuwa na kazi kubwa, dada. Nataka ujue, ili moyo wako utulie, mama hakusumbuka. Sijapata mgonjwa mpole vile. Wengine wanataka hiki, wanataka kile. Yeye kila nikimwuliza, bibi, unataka nini? Ananitazama, ananiambia si kitu. Nikimfunika, bibi, nikuletee nini? Si kitu. Mpaka asubuhi ile ya mwisho. Nilimsikia anasema tangu niko mlangoni na ndoo, anasema, anarudia, nikamwinamia, bibi, unasemaje? Si kitu, si kitu. Pumzi ilikuwa inamkatikia katikati ya maneno, lakini anajitahidi tu kunitoa wasiwasi. Nikamwambia, haya bibi, pumzika. Nikaenda kudeki."

Wanawake tulikuwa tumeinamisha vichwa. Aliyekuwa anagawa kahawa alisimama na kikombe mkononi. Atupele akatutazama mmoja mmoja, tabasamu lake la kuliwaza bado liko usoni, linakwisha polepole.

"Nimesema vibaya?" akauliza.

Ikabidi mimi nimwambie. Nilimsogelea sikioni, nikamweleza kwa maneno machache, jina la zamani lilikuwa lipi na limekwenda wapi. Nilifikiri atapiga kelele. Hakupiga. Alikaa chini kabisa kwenye mkeka, akashika kichwa, akaanza kusema peke yake, kwa kilugha cha kwao, neno moja tu analirudia, na sote tukalielewa bila kulijua.

Sikitu hakulia. Aliusogeza mkeka wake mpaka magoti yao yakagusana.

"Mdogo wangu," akasema. "Usilie kwanza. Nataka kitu kwako."

"Chochote, dada."

"Alikuwa anasemaje? Nisemee kama alivyosema yeye."

Atupele akatazama mlangoni. Kule kwenye ngazi kijiko cha Balozi kilikuwa kimeacha kugonga sahani.

"Dada, watanisikia."

"Najua. Wewe ndiye uliyeisikia sauti yake, mimi sikuisikia. Nisemee."

Yule binti akajifuta uso kwa pembe ya kanga. Akafumba macho ili akumbuke vizuri. Akainua kidevu kidogo, kama mtu aliyelala anayemtafuta mtu mlangoni, na kwa sauti ya mwanamke mzee aliyechoka, akiivuta ile herufi ya mwisho na kuipandisha, akaita:

"Sikituu?"

Na jirani yangu, mwanamke mtu mzima mwenye mvi, akaitika upesi kama mtoto aliyekuwa anacheza uani:

"Abee, mama."